Usiegemee

Mama alikuwa na sheria nne za roshani. Ya kwanza, watu wasizidi watatu. Ya pili, pipa la maji lisikae pale hata kama bomba limekauka wiki nzima. Ya tatu, hakuna kuruka kamba wala kucheza rede. Ya nne ilikuwa neno moja, na alilitamka mara nyingi kuliko majina yetu: "Usiegemee!"

Roshani yenyewe ilikuwa mbele ya nyumba tuliyopanga Manundu, mjini Korogwe. Chini kulikuwa na fremu tatu za maduka. Juu kulikuwa na vyumba sita na familia sita, na nyuma korido ya nje iliyotupeleka jikoni na chooni. Ukisimama kwenye roshani uliona mapaa ya mabati yenye kutu, miembe, kipande cha barabara kuu, na nyuma ya vyote milima ya Usambara. Mabasi ya Arusha yalipopita tuliyatambua kwa honi kabla hatujayaona. Kwa joto la Korogwe, vyumba vile vilikuwa vya kulalia tu. Roshani ndiyo ilikuwa sebule ya familia sita: hapo palichaguliwa mchele, palisukwa nywele, palianikwa nguo, na hapo ndipo wakubwa walipokaa jioni kuzungumza mambo ambayo sisi watoto tulijifanya hatuyasikii.

Sijui mama alizitoa wapi sheria zake. Hakusoma ujenzi. Nadhani alizitoa miguuni, kwa kupakanyaga kila siku na kuhisi jambo ambalo hakuwa na jina lake.

Nyumba aliijenga mzee mwenyewe, mwaka 1989. Alikuwa dereva wa lori kwenye mashamba ya mkonge, na alijenga kama wengi wanavyojenga: matofali mwezi huu, mifuko miwili ya saruji mwezi ujao. Siku ya kumwaga zege la juu ndiyo hadithi aliyoipenda kuliko zote. Aliisimulia sikukuu ya Idi, aliisimulia harusini, aliisimulia hata msibani watu wakishachoka kulia. Hapakuwa na mashine. Vijana wa mtaa walijipanga kwenye ngazi, ndoo zikapita mkono kwa mkono, na wale wa mwisho wakakimbia na ndoo vichwani, juu ya nondo, mpaka ukingoni mwa roshani. Wanawake walipika pilau. Mtu mmoja alipiga ngoma chini, na wa juu wakawa wanakanyaga kwa kufuata mdundo.

"Walicheza juu ya nondo!" mzee alisema, akijipiga goti.

Mama, ambaye siku hiyo alikuwa msichana aliyepewa kazi ya kukuna nazi, alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. Na mimi nilicheka, hadi nilipofika mwaka wa pili wa stashahada ya ujenzi, Dar es Salaam.

Siku hiyo mwalimu alimwita mwanafunzi mmoja mbele, akamwambia anyooshe mkono na kushika ndoo ya maji. "Unaumia wapi?" Yule kijana akashika bega, sehemu ya juu. Mwalimu akasema: basi hiyo ndiyo roshani. Zege ni hodari likikandamizwa, lakini likivutwa linapasuka, na nondo imewekwa ndani yake ili ibebe huo mvuto. Jamvi lililolala juu ya kuta mbili huvutika tumboni, kwa hiyo nondo zake kuu hukaa chini. Roshani imeshikwa upande mmoja tu, upande wa pili unaning'inia, kwa hiyo inavutika mgongoni. Nondo zake kuu lazima zikae juu. Kisha akaongeza jambo ambalo aliliona dogo: kosa kubwa halifanyiki kwenye mchoro, linafanyika siku ya kumwaga zege, mafundi wanapokanyaga nondo na kuzididimiza chini. Zege likishafunika, hakuna anayejua. Roshani itasimama miaka kumi, itasimama ishirini, na watu wataisifu.

Wenzangu waliandika. Mimi niliiacha kalamu. Nilikuwa nasikia ngoma.

Sikumwambia mtu. Nilijipa sababu nzuri: sijaona chochote, nimesikia hadithi tu, na hadithi za wazee huongezwa chumvi. Ila kuanzia siku hiyo, kila nikipiga simu nyumbani nilimuuliza mama yuko wapi, na akisema "nipo hapa nje napunga upepo," nilikatisha mazungumzo haraka.

Katika kutafuta mtandaoni habari za roshani, nilikutana na Berkeley, mji wa California, Marekani. Usiku wa 16 Juni 2015, vijana walikuwa kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa. Kumi na watatu walisimama kwenye roshani ya ghorofa ya juu. Ikakatika. Sita walikufa, wengi wao wanafunzi kutoka Ayalandi waliokwenda kufanya kazi za likizo, na saba waliumia vibaya. Jengo halikuwa limefikisha hata miaka 10. Roshani ilikuwa ya mbao, na mbao hizo zilikuwa zimeoza kwa maji yaliyonaswa ndani. Kwa nje ilikuwa imepigwa lipu safi.

Kilichonishika zaidi ni kilichofuata. Mwaka 2018 jimbo hilo lilitunga sheria, namba 721 ya Seneti yao, kwa nyumba zenye makazi matatu au zaidi. Roshani, korido za nje na ngazi zinazobebwa na mbao, zikiwa juu ya ardhi kwa zaidi ya futi 6, lazima zikaguliwe na mtaalamu kila baada ya miaka 6. Mkaguzi haangalii rangi. Anatakiwa kuchunguza angalau asilimia 15 ya kila aina. Akikuta hatari ya papo hapo, watu wanazuiwa kupita hapo mara moja, na ana siku 15 za kupeleka taarifa kwa mamlaka ya mji. Kama si ya papo hapo, mwenye nyumba anapewa siku 120 za kuomba kibali cha matengenezo. Tarehe ya mwisho ya ukaguzi wa kwanza ilikuwa 1 Januari 2025. Baadaye ikasogezwa hadi 1 Januari 2026, maana hata huko watu hupenda kusubiri.

Nilisoma kama mtu anayesoma habari za ndugu asiyemjua. Roshani yetu ni ya zege, sheria ile ni ya mbao, na Korogwe si California. Lakini wazo lenyewe lilinikaa kichwani: kwamba roshani inaweza kuwa na tarehe.

Kwetu jengo lina tarehe moja, ya kibali cha ujenzi, kama kilichukuliwa. Halmashauri inatoa kibali, bodi zinasajili wahandisi, wabunifu majengo na makandarasi, na mkaguzi anaweza kuja ujenzi ukiendelea. Kisha watu wanahamia, na jengo linaachwa lizeeke peke yake. Mabasi yaliyokuwa yakipita mbele ya roshani yetu yalikuwa na stika ya usalama barabarani kwenye kioo. Mtungi wa kuzimia moto wa duka lililo chini yetu ulikuwa na karatasi ya Zimamoto yenye mwaka. Mtoto aliyezaliwa chumba cha tatu alikuwa na kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi. Roshani iliyokuwa juu ya duka na mtungi, ambayo mtoto huyo alijifunzia kutambaa, haikuwa na karatasi yoyote.

Kwa hiyo ukaguzi wetu huja na misiba. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, likaua watu 36. Tukazungumza sana, kisha tukanyamaza. Zanzibar, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na kuzungukwa na roshani zilizotazamwa na kila aliyeingia bandarini, lilipoteza sehemu ya roshani hizo mwaka 2012. Hilo lilikuwa onyo kwa sauti kubwa kabisa. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, sehemu kubwa ya jumba iliporomoka na watu wawili wakafa.

Na asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne likaanguka Kariakoo. Nilikuwa Dar, tayari nimeajiriwa kama fundi sanifu. Waliokuwa chini ya kifusi walipiga simu wakiomba maji na hewa. Walikufa zaidi ya 20. Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo, na kwa wiki kadhaa kila mtu mjini alitazama juu kabla ya kuingia dukani. Mimi sikuwa nikiiwazia Kariakoo. Niliomba ruhusa mwezi wa Desemba, nikapanda basi la Korogwe, na kwenye mkoba nilitia nyundo ndogo.

Nilisubiri mchana, wakati mzee amelala. Nilisimama kwenye kibaraza cha duka, nikatazama juu, tumbo la roshani. Nilikuwa nimepita chini yake maisha yangu yote na sikuwahi kulitazama. Kulikuwa na mistari ya kahawia iliyonyooka, yenye nafasi sawa kati ya mmoja na mwingine, kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Nondo zilikuwa chini. Zilikuwa karibu sana na uso wa zege kiasi kwamba maji yalizifikia, na chuma kikila kutu hakipungui, kinavimba. Kikivimba kinasukuma zege. Niliazima ngazi kwa fundi baiskeli, nikapanda, nikagonga. Zege zima hulia kwa sauti kali na fupi. Zege lililoachana hulia bo, kama dafu lililonywewa. Niligonga mara kumi na mbili. Mara tisa ilikuwa bo.

Kisha nilipanda juu, nikafagia pale roshani inapoungana na ukuta. Ufa ulikuwepo, mwembamba, umenyooka toka mwisho hadi mwisho. Mama alikuwa ameupaka saruji.

"Huo upo siku nyingi," alisema. "Kila masika naupaka."

Nilimweleza. Nilitumia mkono na ndoo, kama mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya, akasema: "Usiende kumwaibisha mzee."

Inabidi nieleze hapo. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano. Kwa miezi minane mama hakulipa kodi hata shilingi, na mzee hakugonga mlango wetu hata mara moja. Alipopita koridoni alisalimia, akauliza habari za masomo, akaenda zake. Mwezi wa tisa mama alipompelekea pesa, alichukua ya mwezi mmoja tu, akasema hesabu za nyuma zimepotea. Sasa mimi, niliyesoma kwa kodi ile ambayo haikulipwa, nikamwambie mzee kwamba hadithi anayojivunia kuliko zote ndiyo ugonjwa wa nyumba yake?

Majirani walisikia, maana kwenye nyumba ile hakuna siri. Dada wa chumba cha nne alinifuata jikoni. "Mdogo wangu, ukilipeleka hilo halmashauri, wataandika X nyekundu. Halafu twende wapi? Hapa nalipa elfu thelathini." Sikuwa na jibu. Nilikumbuka Huruma, Nairobi, Aprili 2016: ghorofa sita, watu wapatao hamsini walikufa kwenye jengo ambalo lilishatajwa kuwa si salama, na wapangaji walikuwemo kwa sababu kodi ya mahali salama haikuwa mfukoni mwao. Kujua kwamba nyumba ni mbovu hakumpi mtu nyumba nyingine.

Nami nilikuwa na kichaka changu cha kujifichia. Mimi ni fundi sanifu, si mhandisi. Sina mamlaka ya kuthibitisha. Ilikuwa kweli, na ilinifaa sana. Nilimwambia mama wafunge mlango wa roshani. Akasema sawa. Niliporudi Dar nilipiga simu, akapokea, na nyuma ya sauti yake nikasikia honi ya basi la Arusha ikiwa karibu mno.

Mvua za masika zilikuja. Usiku mmoja wa Aprili mama alinipigia saa tisa. Sijawahi kupokea simu ya saa tisa yenye heri.

"Kimeanguka kipande," alisema. "Hakuna mtu."

Kipande hicho kilitoka kwenye tumbo la roshani, kipana kama meza ya chai. Kiliangukia benchi la Mama Chapati, ambaye hukandia unga wake pale kibarazani kuanzia saa kumi alfajiri. Benchi lilikatika vipande viwili. Mama Chapati alifika saa yake ya kila siku, akaona, akakaa chini kwenye tope na ndoo yake ya unga mapajani. Nilipofika jioni yake, bado watu walikuwa wakiambiana: saa moja tu. Walisema kwa shukrani. Mimi nilihesabu kwa namna nyingine. Tangu Desemba ilikuwa miezi minne.

Nilikwenda kwa mzee. Alikuwa kitandani, redio ndogo pembeni, miguu imevimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeliona benchi?"

"Nimeliona."

Akanyamaza kidogo. "Wananiambia ulipanda ngazi ile Krismasi. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuheshimu, mzee."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. "Heshima gani hiyo? Mama Chapati angekufa, mimi ningezikwa na jina gani hapa Manundu?" Akanyoosha mkono, akachukua daftari la kliniki yake ya sukari lililokuwa chini ya mto, akanionyesha. "Kila mwezi binti mdogo kama wewe ananitoboa kidole na kuniambia mambo mabaya. Sijawahi kusema amenidharau. Tarehe ikifika naenda, basi."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko somo lolote la chuo. Yule binti wa kliniki haitaji ujasiri kumwambia mzee kwamba sukari imepanda. Hajaja kumchunguza kwa kiherehere chake. Ni tarehe iliyowakutanisha. Mimi nilikwenda na nyundo kwa siri, kama mwizi, kwa sababu hapakuwa na siku ambayo kuigonga nyumba ya mzee kungekuwa jambo la kawaida. Siku zote nilidhani sheria ya ukaguzi imewekwa ili kumbana mwenye nyumba. Sasa naona inamfungua pia yule anayejua na anaogopa kusema. Inamwondolea mtu mmoja mzigo wa kuchagua kati ya shukrani na ukweli, kwa kuwa ukweli unakuwa kazi ya Jumanne fulani, kwa kila nyumba, ya mwema na ya mbaya.

Mzee alitoa pesa ya mhandisi aliyesajiliwa. Alifika, akaweka mirunda chini ya roshani siku hiyohiyo, akapigilia ubao mlangoni. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: roshani ikatwe, nyumba ibaki. Hakuna aliyehama. Walipoivunja nilikuwepo. Nondo zilikuwa pale nilipozitegemea, zimelala chini kabisa, zimejipinda kidogo katikati, na nikaona mahali ambapo mguu wa kijana mmoja wa mwaka 1989 ulikanyaga. Mzee aliletewa kiti. Aliangalia hadi mwisho. Fundi mmoja alimuuliza zege lile lilimwagwa na nani, likiwa gumu namna hii. Akasema, "Vijana." Hakuongeza neno.

Mlango wa roshani sasa una dirisha la nusu na nondo za kuzuia watoto. Upepo unapita, lakini jioni watu hawana pa kukaa pamoja, na hilo ni hasara ambayo haionekani kwenye ripoti ya mhandisi. Wamehamia kwenye korido ya nyuma. Ndiyo maana, kwenye msumari karibu na jiko, nimening'iniza daftari la kurasa arobaini na nyundo ndogo. Si sheria, halina muhuri, na halmashauri hailijui. Nimechora safu tatu: tarehe, sehemu, sauti. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na baada ya masika, mtu anagonga korido yote na ngazi, anaandika. Kikilia bo, anapigiwa mhandisi, na wapangaji na mwenye nyumba wanachangia nauli yake. Mzee aliweka dole gumba ukurasa wa kwanza.

Safari iliyopita nililifungua. Mwandiko wa mama, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la pili: *Oktoba. Korido. Inalia vizuri. Ngazi ya tatu, sijui.* Chini yake dada wa chumba cha nne ameandika kwamba naye amegonga hiyo ngazi ya tatu, na hata yeye hajui.

Nikachukua nyundo, nikaenda kwenye ngazi ya tatu. Mama alikuwa anachagua mchele pale koridoni na mjukuu wa jirani, mtoto yule wa kadi ya kliniki. Mtoto aliniona, akasogea kwenye ukingo ili atazame vizuri.

"Usiegemee," mama akamwambia, bila kuinua macho.